Aliyejikwaa

Mwulize mwenyeji wa Ngamiani njia ya kuja kwangu,
atakwambia: fuata barabara ya kumi na tatu,
ukifika penye kinu cha mafuta, kata kushoto.
Kinu kilivunjwa zamani. Pana duka la simu.
Yeye bado anakiona.
Mguu wake unakata kona wenyewe.

Mimi je? Programu yangu ya kuhesabu maziwa,
lita, mfugaji, tarehe, deni analodai,
niliiachia huria: atakaye achukue, afumue, ashone upya.
Kwenye faili la maelezo niliandika mstari mmoja,
"Maelezo yatafuata."
Ikafuata miaka mitatu.

Nilijua nani aandike. Fundi, nani mwingine?
Nimeutunga kila uzi, najua unapopita.
Ijumaa moja nikakaa kitako nikaandika:
"Sakinisha, kisha washa."
Nikaona nimemaliza, nikaenda kunywa kahawa.

Jumapili akabisha hodi Singano,
karani wa kituo cha maziwa, katoka Muheza,
daftari la mistari kwapani.
Siku mbili imemgomea. Hakuja kulalamika,
alikuwa ameandika:

Hapa inataka neno la siri. Hujasema lipi.
Hapa inasema hifadhidata haipo. Nilidhani nimeivunja.
Hapa nilizima nikalala.
Hapa nilijaribu "maziwa", ikakubali. Sijui kwa nini.

Mimi najua kwa nini.
Nililiweka usiku mmoja, la muda tu.

Basi mwandishi ni wewe, nikamwambia.
Mimi? Hata sijui ndani mna nini.
Ndiyo sababu.

Ila ukurasa wa nne nikamkosoa:
umeandika deni hujifuta mwezi ukiisha.
Halijifuti, bwana. Njoo nikuonyeshe.
Nikafungua, nikashuka mstari kwa mstari,
na kidole kikasimama.
Lilikuwa linajifuta.

Feni ilizunguka. Hakuna aliyesema neno.
Kule Pongwe, nani alihesabu ndoo zake kidoleni
akaambiwa kompyuta haikosei?

Sasa tunaandika wawili.
Yeye ana kalamu, mimi namulika,
na kila sentensi yake naipeleka kwanza kwenye msimbo
kabla ya kuibishia.

Lakini jana nilisoma ukurasa wake mpya:
"Kisha iwashe kama kawaida."
Kama kawaida!
Nikamtazama, anaandika haraka, hata kompyuta haiangalii.
Singano naye ameanza kukiona kinu.