Jumanne Usiku, Wales

Kijani wiki hii, kijivu wiki ijayo:
hesabu hiyo ilikuwa ya Nesta.
Idwal alikuwa msukumaji tu.

Sasa anapiga chabo kwa jirani
kama mwanafunzi aliyekwama kwenye mtihani.
Kijani. Haya, kijani.

Anasuuza chupa, anaponda makopo,
analiburura pipa mvuani hadi ukingoni,
mpini uelekee barabara. Au nyumba?
Analigeuza. Analigeuza tena.
Bonde zima limelala, isipokuwa magurudumu yake.

Juu ya makopo, chupa ya jamu
na mwandiko ule wa haraka: *Plamu, Septemba.*
Karatasi ya halmashauri inasema: bandua.

Anafunika pipa.
Anafunua.

Alfajiri lori linameza mtaa mzima,
kasoro chupa moja
iliyosimama dirishani,
imesuuzwa ndani tu,
karatasi yake kavu.