Mteja Asiye na Kiuno

Nimeshona sare za shule, mashela, bitana za majeneza,
nimeshona turubai la harusi likachanika kabla ya keki,
lakini kumvika ndege, hilo sikuwahi kuitiwa.
Lubango alikuja kibandani kwangu Kirumba
mikono inanuka gundi:
"Dada Nyanzala, sindano iliyopinda unayo?"
Ninayo. Ya kushonea magodoro.

Nikaikuta kwenye banda la bati nyuma ya uwanja,
uchi, mbavu nje,
kama mzee aliyevuliwa shati kwa daktari
na daktari akaenda kunywa chai.
Nikatoa futi kamba. Nikaona aibu kidogo.

Nguo yake ya zamani ilikuwa sakafuni.
Lubango akaibonyeza kwa dole gumba,
dole likatokea upande wa pili.
"Imechoka," akasema.
Mimi nikaokota kipande, nikakwangua kwa ukucha:
nyekundu, chini yake nyeupe, chini yake rangi ya fedha,
na chini kabisa
pamba.

Pamba, jamani.
Misungwi, mgongo wa baba kwenye tuta,
mzani wa karani uliojua kusema uongo,
vidole vyangu vya miaka saba
vikichomwa na makaka makavu.
Tulidhani inakwenda kuwa shuka za watu wa mbali.
Hakuna aliyetuambia kwamba nyingine hupaa.
Lubango anasema hii ilitoka ng'ambo, si ya kwetu.
Sikumbishia.
Wala sikumwamini.

Kitambaa kipya hakijawahi kuwa ua.
Ni cha kiwandani, chepesi, kinachakarika kama gazeti la kufungia maandazi.
Tulikitandaza juu ya bawa, tukakigandisha ukingoni,
kikalegea kama shuka la mgonjwa.
Ndipo pasi ikaingia.
Pasi hii hainyooshi, inakaza:
joto likipungua nguo inapwaya,
likizidi inapinda mbavu.
Saa saba umeme ukakatika.
Nikasema nyumbani nina pasi ya mkaa.
Lubango akanitazama
kana kwamba nimesema tumbanike mteja.
Tukala mihogo, tukangoja.

Kisha bawa likasimamishwa kwa ubavu,
mimi upande huu, yeye upande ule,
sindano ikienda na kurudi
kama salamu za Kisukuma zisizotaka kwisha.
Fundo kila baada ya vidole vitatu.
"La kwako likifunguka," akasema kutoka ng'ambo ya nguo,
"mtu atatua Ukara bila kutaka."
Siku hiyo hatukupiga soga.
Suruali ikifumuka, mtu huona haya tu.

Jumamosi tukapaka dawa, milango wazi kwa sababu ya harufu,
na ziwani ukasimama moshi.
Haukuwa moshi. Usubi.
Wakaja kwa maelfu, wakatua kwenye rangi mbichi
wakadhani ni maji.
Lubango akatukana kwa Kikerewe,
lugha anayoiweka kwa ajili ya dharura.
Msasa siku mbili, mabega yakaniwaka.

Mmoja nilimwacha.
Chini ya bawa la kushoto, karibu na tundu la kutolea maji,
mbawa zake amezinyoosha vizuri kuliko zetu.
Nikapitisha brashi ya mwisho juu yake taratibu.
Wanasema huishi siku moja.
Basi hii siku yake ni ndefu.

Lubango akaligonga bawa kwa ukucha,
likaitika kama ngoma iliyoota jua.
Akanilipa pungufu ya elfu ishirini,
nitamaliziwa ikisharuka.
Imesharuka. Bado nadai.

Cherehani yangu sasa hufunikwa na ile pamba kuukuu.
Majirani huuliza turubai gani lile lenye nusu ya namba.
Nikisikia mngurumo juu ya Kirumba
huangalia kwanza mshono,
ingawa kutoka hapa mshono hauonekani,
kisha naanua nguo za watu,
maana mara nyingine huwa ni radi.