Mizani ya Pongwe

Leo nimeitwa ndani, fomu yangu kutazama,
Bwana Semboja mezani, feni juu yalalama.
Miaka tisa mizani ya Pongwe nimeisoma,
haijapotea tani, wala kilo kuyoyoma.

Kaandika: “Safi sana, alama tano kwa tano.”
“Niongeze basi, Bwana; kumi kwa mia si mno.”
Akacheka, akanena: “Ndiwe wetu wa mfano!”
Akanipa na fulana, na kunishika mkono.

Fulana haipikiki, wala haitoi tui.
Tanga hii ya samaki, hata fungu sinunui!
Bwana, nipime kwa haki: nami mzigo, hujui?
Na ubeti haufiki,
kama mshahara.