Ukurasa Mmoja kwa Kila Ghorofa

Lifti iliharibika Jumatatu ya Novemba,
mvua ya Glasgow imeshatuingia hadi kwenye soksi,
nasi tunakaa ghorofa ya kumi na moja.

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya mwalimu:
mtoto asome dakika ishirini kila jioni,
mtoto auchangamshe mwili dakika ishirini kila siku.
Nikazihesabu dakika zangu kama sarafu za nauli:
za kupika zipo, za kufua zipo,
za kuvaa sare ya hospitali na kutoka tena saa tatu usiku zipo.
Hizo arobaini, mwalimu, nizikope kwa nani?

Shazili, miaka saba, akaketi kipandio cha kwanza,
mdomo kaubetua kama wa birika.
"Siwezi. Nibebe."
Mgongo wangu ulikwisha beba ndoo za watu.
Nikapekua mkoba wake nimtafutie biskuti;
mkono ukatoka na kitabu cha maktaba,
cha bata aliyeajiriwa posta.
Nikamsomea ukurasa mmoja, nikakifunga.
"Kisha?"
"Kisha imepanda juu. Twende tukaifuate."

Ndivyo ilivyoanza: si kwa hekima, kwa hila.
Ghorofa ya pili bata akavishwa kofia,
ya nne akakabidhiwa barua isiyo na anwani,
ya sita tukasimama kutweta, mimi kumshinda yeye,
na ya saba mlango ukafunguka:
Bi Senga, na slipa zake, na sigara isiyowashwa,
"Nani analia kama bata hapa?"

Jina hilo lilinidanganya mwaka mzima,
nikidhani babu zake walitokea Morogoro.
Shazili ndiye aliyelisoma mlangoni, herufi kwa herufi,
kisha, utundu tu, akalianza kutoka nyuma:
"Mama! Ni Agnes aliyegeuzwa!"
Bi Senga akacheka hadi kikohozi kikamshika.
Tangu hapo ukurasa wa ghorofa ya saba ukawa wake;
tukipita kimya, anagonga ukuta.

Na kimya tulipita, sitaficha.
Kuna Jumatano nilimfokea,
akalia kati ya nane na tisa,
kitabu kikalowa, sijui kwa mvua au kwa machozi.
Kuna siku bata hakupeleka barua yoyote.

Lakini wiki ya tatu, kidole chake
kilikuwa kimeyatangulia macho yangu.
Kiingereza kina herufi zinazoandikwa zisitamkwe,
zimekaa kwenye neno kama wageni waliokuja kula tu.
Mimi huzisoma zote, nisimbague mgeni.
"Hiyo iache, Mama," akaniambia, "hiyo imelala."
Akauvuka ukurasa mzima peke yake,
akapanda ghorofa mbili mbio kutafuta unaofuata,
nami nyuma nimeshika reli,
nikiita jina lake kwa pumzi iliyobaki.

Januari lifti ikatengenezwa.
Vifungo vipya, vinang'aa kama meno ya bandia.
Akabonyeza kumi na moja; tukafika
kabla bata hajafungua mdomo.
Nilifurahi, Mungu anajua. Magoti yangu yalifurahi.
Wiki nzima tulipanda hivyo,
tukitazama namba zikibadilika, na kitabu mkobani.

Ijumaa, tulipoipita ya saba,
tukasikia ukuta:
ngo. Ngo, ngo.
Shazili akanitazama. Akabonyeza nane.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga,
wakikusudia kumwonya mwenye kiburi.
Hawakumwona huyu, anayeshuka ghorofa moja tu,
mbio, kamba za viatu zimefunguka,
kitabu kikimpigapiga pajani.
Nikaketi juu ya ngazi, nikavua viatu.
Chini yangu mlango ukalia,
na bata, kwa sauti ya mwanangu,
akauliza barua hii ni ya nani.