Tiketi ya Mji wa Zamani

Kaumba, mtembeza wageni, ana kofia ya ukindu
na sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema haya asubuhi.
"Hapa," asema, "palikuwa pori tupu:
simba, vichuguu, mahema ya turubai,
baa moja, na wanaume waliokuja kuchimba bahati."
Wageni wa Kinshasa wanalipiga picha pori lisilokuwepo.
Nyanya Ngosa ananivuta mkono:
"Pori tupu? Na huu mto, nani aliuita Lubumbashi?
Simba ndiye aliyewatajia?"

Tunapelekwa kwenye garimoshi la kale,
limepakwa rangi nyeusi, linang'aa kama kiatu cha harusi.
Watoto wanapanda magurudumu;
mlinzi anawakemea kwa Kifaransa,
kisha kwa Kiswahili,
kisha anapokea faranga.

Halafu kanisa la matofali mekundu,
halafu nyumba zenye baraza pana,
mijakaranda ikimwaga zambarau juu ya magari.
Kaumba anajua jina la kila aliyejenga,
yaani, la kila aliyeagiza pajengwe.
Namuuliza waliobeba matofali.
Anageuza ukurasa wa daftari ambalo hana.

Pana mahali tiketi haifiki.
Kati ya mji wa wazungu na Kamalondo
waliacha ukanda wa ardhi, hatua mia saba,
ili mbu wetu wachoke njiani.
Leo pana gereji, wauza vocha, mama wa maandazi,
na mbu, wazima kabisa, hawajachoka.
Nyanya anauvuka taratibu, midomo inahesabu.
Babu yangu, asema, aliwahi kuukimbia usiku,
saa ya kutoka mjini imekwisha kumpita,
karatasi ya ruhusa ameiuma kwa meno,
mikononi mkate wa mtoto.
"Huyo mtoto ni baba yako.
Alilalamika mkate una jasho."

Katika jumba la makumbusho
misalaba ya shaba imelala chini ya kioo
kama samaki waliokaushwa vizuri.
Dirishani, mbali, bomba la kiwanda
na ule mlima mweusi wa mabaki,
mlima pekee ninaoujua
uliopandishwa kwa sepetu.

Nyanya anatafuta leso kwenye mkoba;
kinaanguka kibati cha shaba, 4172,
namba ya babu ya kuingilia kazini.
Karani anakiokota kwa ncha za vidole,
macho yamemtoka.
Anataka kukiweka kwenye kabati, na taa yake,
na maandishi, na jina la familia.
Anatoa hata kalamu.

Nyanya anamtazama kama anayetazama bei ya soko.
"Kimefungwa na ufunguo wangu, mwanangu.
Ukikichukua, mlango nitaufungua na nini?"

Jioni, Katuba, umeme hakuna.
Nasikia 4172 ikigonga ubao mara mbili, tatu,
Nyanya akilitukana kufuli polepole,
mpaka likubali.