Swali la Kumi na Moja

Karani wa dodoso alifika Mpamantwa saa nne,
vumbi hadi kwenye nyusi, kishikwambi kwapani.
Nikampa kigoda, nikampa maji ya mtungini.
Dada yangu Sechelela hakuinuka.
Alikuwa anabangua karanga, akaendelea kubangua.

Maswali kumi yalipita kama mbuzi njia ya kisimani:
bati au tembe, choo, ekari za uwele, redio.
La kumi na moja likasimama.
Ndoa yako: ya hiari, au uliozwa?
Tukajibu kwa pamoja, mimi na dada: tuliozwa.
Akagusa kioo mara mbili. Tumefanana.

Ngoja, mwanangu. Futa.

Hili neno letu lina matumbo mawili.
Baba huoza binti, na nyama huoza juani,
mgeni akisikia hasikii tofauti.
Nisikilize, halafu useme
kama tunaenea kisanduku kimoja.

Mimi nilitafutiwa. Sikatai.
Shangazi Foibe alitembea toka Kigwe na jina la mtu,
kalifunga kwenye pindo la kanga pamoja na ugoro wake.
Barua ya posa ilikuja katika bahasha ya kaki.
Baba akaniita, akanionyesha gundi: haijafunguliwa.
Akauliza. Halafu, hili liandike, akanyamaza.
Siku nne alichunga, alikula mlenda wake,
hakukohoa hata kikohozi cha kunihimiza.
Nikasema simtaki, anacheka kabla mzaha haujaisha.
Sababu gani hiyo! Mama alishika kiuno.
Lakini bahasha ilirudi Kigwe, noti hazijahesabiwa,
na shangazi akanuna hadi palizi ya pili.

Wa pili alikuwa Danieli.
Nilikwenda gulioni Bahi kumtazama akiuza kambale,
nione anavyomrudishia mtoto chenji.
Nikarudi nikasema, haya.
Sijui kama lilikuwa pendo. Lilikuwa haya.

Sechelela hakuletewa bahasha.
Mwaka ule uwele ulikauka ukiwa urefu wa goti.
Baba aliuza baiskeli, kisha mlango.
Usiku tukasikia kwato.
Asubuhi zizi lina ng'ombe, na mmoja ameshachinjwa,
tumeshakunywa supu, tumelamba vidole,
ndipo baba akasema supu ile ilikuwa ya nani.

Dada alikuwa darasa la sita.
Daftari lake la hesabu lilibaki dirishani
hadi panya walipolihitaji.
Aliulizwa, ndiyo, usidhani hakuulizwa:
mbele ya wazee wa Malogo, waliotoka Chikola,
mifupa ingali jikoni.
Akatazama chini. Wakapiga makofi:
kimya ni ridhaa.

Bahasha hurudi. Supu utairudishaje?

Na mimi nilikunywa. Nilikuwa na miaka tisa,
nikaomba kuongezewa, nikaongezewa.
Miaka kumi baadaye, baba aliposhika ile bahasha yangu
mkono ulimtetemeka, nikadhani ni uzee.
Zile siku nne alizoninyamazia
sijui alikuwa anamngoja nani kati yetu ajibu.

Karani kidole kikamganda hewani.
"Basi yeye nimwandike kalazimishwa?"

Sechelela akapuliza maganda toka kwenye ungo.
"Andika ng'ombe," akasema. Neno lake la pili asubuhi ile.
"Saba. Wekundu watatu, wa mabaka wawili,
mweusi wa pembe moja, na wa kijivu, yule wa supu.
Wa kijivu alikuwa na mimba. Mimi ndiye niliyeosha matumbo,
nilimwona.
Hapo kwenye mashine yako, pana mahali pa ndama?"

Karani akateremsha kioo kwa kidole,
akateremsha tena.