Barua ya Novemba

Kila mwaka, kabla theluji haijashuka kutoka mlimani,
barua za bima hutangulia.
Huja mbili, yangu na ya Duri,
zikiuliza swali lilelile kwa adabu ileile:
mwaka ujao, ukiugua,
utajilipia mwenyewe mpaka wapi
kabla sisi hatujafungua mkoba?

Mimi huweka alama penye faranga mia tatu.
Sisiti. Kalamu inaijua njia.
Ada yangu ya mwezi ni kubwa, inaniuma,
lakini nalala.
Duri huweka penye elfu mbili na mia tano,
hulamba bahasha, hucheka:
"Mimi na mwili wangu tumeelewana."

Ni fundi wa mapaa. Juu ya vigae vya Chur
hutembea kama mtu atokaye sebuleni kwenda jikoni,
kamba ya usalama ikining'inia kiunoni kama pambo.
Mimi hushika reli hata kwenye vidato vitatu vya posta.

Mwaka jana nilikwenda kwa daktari Candrian mara kumi na moja:
baka la begani, likawa baka tu;
moyo uliorukaruka, kumbe kahawa;
goti; goti tena;
na siku moja, sitaficha, kwa kuwa chumba chake kina joto
na huuliza habari zako, akangoja jibu.
Miaka tisa Duri hakukanyaga pale.
Kwa alichookoa tulinunua jiko la kuni, baiskeli mbili,
na mlango wa mwaloni
ambao mimi huufunga mara mbili.

Wageni wakisikia hesabu hizo humpa yeye mkono.
Hata mimi nilimpa. Nilijiona ndoo iliyotoboka
ambayo nchi nzima inaijaza.

Halafu Novemba hii nikamkuta bafuni,
kiganja kimebana kinena
kama mtoto anayeficha yai la wizi.
Ngiri. Na kweli ilikuwa kubwa kama yai.
Tangu Agosti, akasema,
tangu yale mawe ya paa la kanisa.
"Nangoja Januari."

Alikuwa ameshapiga hesabu zote:
abadilishe kiwango sasa, apasuliwe mwaka ukigeuka,
faranga elfu mbili na mia mbili zibaki nyumbani.
Mimi ni mtunza hesabu, nimekula kwa tarakimu maisha yangu yote,
na sikuona kosa hata la senti.
Ila ngiri haisomi kalenda.

Nikamwuliza: siku ile mnarani, bila kamba,
hukuogopa?
"Kule juu najua la kufanya."
Kisha, taratibu, akiiambia sakafu:
"Kwa daktari mtu hulazwa chali."

Kumbe ndilo hilo.
Miaka tisa niliita ujasiri
kitu ambacho nusu yake ilikuwa hofu ya kulala chali,
na hofu yangu, inayonisukuma kila mara hadi mlango ule,
sikuwahi kuipa jina zuri.
Sisemi haki ilikuwa yangu.
Lile baka lilikuwa baka tu,
na kuna mtu alililipia, huenda ni yeye,
mwezi baada ya mwezi, bila kuumwa popote.

Asubuhi nilipiga simu.
Mpokezi ameizoea sauti yangu.
"Goti lipi leo, Bibi Ladina?"
Nikageuka. Duri ameketi mezani, koti tayari mwilini,
fomu mbele yake, kalamu hewani,
mtu asiyetetemeka juu ya mnara
akitafuta kwa macho pa kushika.

"Si goti," nikasema. "Na si langu."